Mafua yalipopewa jina la nguruwe

Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu tumeshakisahau, na wengine tulikuwa bado tunavaa kaptula za shule kilipotokea. Nazungumzia yale mafua ya mwaka 2009, yaliyoitwa mafua ya nguruwe.

Kilichonikumbusha ni daladala. Juzi jioni nilikuwa nimebanwa kiti cha nyuma kabisa, foleni haisogei, mtoto mmoja wa shule akapiga chafya. Chafya moja tu! Mama mmoja akavuta kioo cha dirisha, mwingine akajifunika pua na mtandio, na kijana mmoja mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni akacheka kwa sauti: "Wabongo bwana, elimu bado sana. Mnaogopa kila kitu." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaona nimecheka bure, maana kauli ile nimeisikia mara nyingi mno, na karibu kila mara inatoka kwetu sisi tuliosoma. Ugonjwa ukiingia, tatizo linakuwa ni woga wa watu wasiojua. Sikubaliani nayo, na mfano wangu ni ule wa 2009.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tano. Mjomba wangu alikuwa na banda la kitimoto hapahapa Dar. Halikuwa banda kubwa: meza sita za plastiki, jokofu moja, jiko la mkaa na karai kubwa jeusi. Jumamosi na Jumapili mchana nilikuwa natumwa kwenda kumsaidia kumenya ndizi na kuosha sahani, na malipo yangu yalikuwa vipande viwili vya rosti na soda. Watu walikuwa wanakuja mpaka kutoka mbali. Kilo moja rosti, ndizi nne, kachumbari na pilipili pembeni, tayari. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akija kila Jumamosi saa nane kamili na kukaa meza ya mwisho akiwa ameipa barabara mgongo, na sisi watoto tulikuwa tunajua kwa nini na tulifundishwa kutouliza.

Mwishoni mwa Aprili redio zikaanza: mafua ya nguruwe Mexico, mafua ya nguruwe Marekani. Katika wiki mbili zile meza sita zikawa tatu, kisha moja. Wateja wa miaka yote wakawa wanapita ng'ambo ya barabara wanampungia mjomba mkono. Yule mzee wa saa nane hakuonekana tena. Mjomba akachukua kadibodi, akaandika kwa makaa: NGURUWE WETU NI WAZIMA. Jamani, kadibodi ile ndiyo iliyommaliza kabisa! Hata wale ambao hawakuwa wamesikia habari wakawa wanasimama na kuuliza, "Kwani wa wapi ni wagonjwa?"

Mwezi wa saba akauza jokofu. Akajaribu chipsi, ikashindikana, akaenda kwenye mitumba na huko ndiko alikobaki. Kitimoto hakurudi tena.

Sasa, ukweli ambao mjomba hakuwa na mtu wa kumweleza ni huu. Ugonjwa ule haukuwa ukipatikana kwa kula nyama ya nguruwe iliyoiva. Ulikuwa ukisambaa kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa kukohoa, kupiga chafya na kushikana mikono. Ni kweli kwamba kirusi chenyewe, A(H1N1), kilikuwa na vinasaba vilivyotokana na virusi vya nguruwe wa Amerika ya Kaskazini na wa Ulaya na Asia. Kwa hiyo jina halikutungwa hewani. Lakini kilipofika kwa binadamu kilikuwa kimeshajifunza kutuzunguka wenyewe bila msaada wa mnyama yeyote. Mwezi Mei 2009 nguruwe wa shamba moja huko Alberta, Canada, walipokutwa nacho, maelezo ya mwanzo ya wakubwa wa afya yalikuwa kwamba huenda mtu ndiye aliyewaambukiza nguruwe!

Na kwetu kilikujaje? Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza mwishoni mwa Juni, mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuwa Kisumu. Tanzania ikafuata Julai, na mgonjwa wetu wa kwanza naye alikuwa mwanafunzi mgeni kutoka hukohuko Uingereza. Yaani ugonjwa ulikuja kwa ndege, umefunga mkanda, umepewa na juisi. Sisemi kwamba tungeanza kuwakimbia wanafunzi wa Kiingereza. Nasema tu kwamba wakati mjomba anauza jokofu lake mwezi huohuo wa saba, hakuna nguruwe hata mmoja aliyekuwa amehusika.

Hapa ndipo mwenye kitambulisho shingoni angesema, "Unaona sasa? Ujinga." Ngoja kidogo.

Hebu tuliangalie jina lenyewe kwa Kiswahili. Neno "mafua" kwetu halimtishi mtu. Mafua ni limao, tangawizi, maji ya moto na kulala mapema. Bosi haruhusu mtu kubaki nyumbani kwa mafua. Waingereza angalau wana maneno mawili, moja la mafua ya kawaida na jingine la ile homa kali inayoua wazee kila msimu wa baridi. Sisi katika mazungumzo ya kila siku vyote tunaviita mafua. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Manzese au Mwanjelwa kuwa kuna "mafua ya nguruwe" yanaua watu, akili yake inafanya kazi vizuri kabisa: mafua hayaui, basi kinachoua ni huyo nguruwe. Uzito wote wa habari unaangukia kwenye neno la pili.

Tena kuna jambo lingine. Wafugaji wetu walikuwa na "homa ya nguruwe" yao tayari, miaka mingi kabla ya 2009. Huo ni ugonjwa tofauti kabisa, ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na uchunguzi uliofanyika nchini Kenya. Hauambukizi binadamu hata kidogo, lakini ukiingia bandani unaweza kumaliza nguruwe wote, na bwana mifugo akija anaweka karantini na kuzuia kuchinja na kusafirisha. Mtu aliyekulia kijijini anaijua picha hiyo. Nguruwe wanakufa, serikali inafunga machinjio, nyama inazikwa. Halafu redio inamwambia homa ya mafua ya nguruwe imeingia. Ulitaka afikirie nini? Alisoma jina kama lilivyoandikwa, na alilisoma sawasawa. Kosa lilikuwa la aliyeliandika.

Na kama hoja ni elimu, basi twende tukawaone wenye elimu walifanya nini.

Tarehe 29 Aprili 2009 serikali ya Misri iliamuru nguruwe wote wa nchi hiyo wachinjwe, kiasi cha 300,000. Wakati huo Misri haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Uamuzi ule haukutoka kijiweni. Ulitoka kwa mawaziri wenye washauri na maprofesa, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema waziwazi kuwa ni kosa. Nguruwe wale walikuwa wa nani? Wengi walikuwa wa Zabbaleen, jamii ya Wakristo wa Kikopti ambao kwa miongo mingi wamekuwa wakizoa taka za jiji la Cairo, mlango kwa mlango. Mabaki ya chakula walikuwa wanawalisha nguruwe, na mengine wanayachambua na kuyauza. Walipochinjiwa mifugo yao hawakuwa tena na sababu ya kubeba maganda na makombo, na Cairo ikajaa taka zinazooza barabarani. Mgonjwa wa kwanza wa Misri akapatikana Juni, mtoto wa kike aliyewasili kutoka Marekani. Kwa ndege tena.

Huko Afghanistan kulikuwa na nguruwe mmoja tu anayejulikana nchi nzima, katika bustani ya wanyama ya Kabul. Naye wakamtenga peke yake, asije akawaambukiza wageni! Sijui yeye alifikiria nini kuhusu hali ya dunia.

China iliwaweka karantini raia wa Mexico zaidi ya sabini, wengine bila dalili yoyote, mpaka Mexico ikatuma ndege kwenda kuwachukua. Hong Kong ilifunga hoteli nzima yenye wageni na wafanyakazi kama 300 kwa siku saba, kwa sababu ya mgeni mmoja. Na Marekani, Makamu wa Rais wa wakati huo, Joe Biden, alisema kwenye televisheni kwamba angewashauri watu wa familia yake wasipande ndege wala treni za chini ya ardhi. Ofisi yake ikabidi itoe maelezo siku hiyohiyo. Sasa kama Makamu wa Rais wa Marekani anaogopa kupanda treni, mama wa daladala akifungua dirisha ana kosa gani? Tena kufungua dirisha ni jambo la maana. Hewa ikiingia, hatari inapungua. Katika gari lile yeye ndiye aliyefanya kitu sahihi, na mimi msomi nilikuwa nacheka.

Nirudi kwenye kazi yangu, maana siwezi kuwasema wengine nikaacha nyumbani.

Mwezi uliopita nilishuka kwenye chumba tunachohifadhi magazeti ya zamani, nikafungua mafaili ya 2009. Nilikuwa natafuta habari nyingine kabisa, lakini nikajikuta nimekaa chini na vumbi langu mpaka saa nane mchana. Picha ya nguruwe, picha ya nguruwe, picha ya nguruwe. Mexico mafua, picha ya nguruwe. Kikao cha wizara, picha ya nguruwe. Mgonjwa wa kwanza nchini, ambaye ni binadamu na alikuja kwa ndege, nguruwe. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshatangaza tangu tarehe 30 Aprili kwamba linaacha kutumia jina hilo na kwamba ugonjwa uitwe influenza A(H1N1). Sisi tuliendelea nalo mwaka mzima.

Kwa nini? Yeyote aliyekaa kwenye chumba cha habari anajua. A(H1N1) haiuzi gazeti. Mhariri anataka neno ambalo kondakta akiwa amening'inia mlangoni ataweza kulisoma kwenye meza ya muuza magazeti, gari likiwa linatembea. Nguruwe anasomeka. Katika nchi ambayo watu wengi hawamli, na baadhi ya hao wanamla kwa kuipa barabara mgongo, nguruwe anasomeka mara mbili. Sidhani kama kuna mhariri aliyekaa akapanga kumfilisi mjomba wangu. Hawakumfikiria kabisa.

Na mimi simo nje. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa mtaani kutafuta maoni kuhusu ugonjwa fulani uliokuwa ukivuma. Nikaongea na watu wanne. Wawili wakasema wanaogopa, wawili wakasema wana njaa. Kesho yake habari ikatoka na jina langu chini ya kichwa chenye maneno "hofu yatanda". Hofu ya watu wawili! Nilimwonyesha mama gazeti kwa furaha, sikuona tatizo lolote.

Sasa tuje kwenye lile ambalo tulipaswa kuliogopa na hatukuliogopa.

Tarehe 11 Juni 2009 WHO ilitangaza rasmi kuwa ni janga la dunia, na tarehe 10 Agosti 2010 ikatangaza kwamba limekwisha. Vifo vilivyothibitishwa na maabara vilikuwa 18,449. Kwa kanda ya Afrika ya shirika hilo (ambayo haihesabu nchi kama Misri na Morocco) idadi ilikuwa 168. Mia moja sitini na nane, kanda nzima! Ukiisoma haraka unasema alhamdulillahi, safari hii tumepona. Lakini angalia vizuri: 93 kati ya hao ni wa Afrika Kusini peke yake. Je, kirusi kiliwapenda watu wa Johannesburg kuliko watu wa Kigoma? Hapana. Afrika Kusini ilikuwa na maabara za kupima.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha makadirio mapya katika jarida la Lancet Infectious Diseases. Walisema waliokufa katika mwaka wa kwanza wa janga huenda walikuwa 284,500, na kwamba idadi halisi inaweza kuwa popote kati ya 151,700 na 575,400. Ukichukua ile ya katikati, ni mara kumi na tano ya waliothibitishwa. Asilimia 51 ya vifo hivyo, kwa makadirio yao, vilitokea Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki. Asilimia 80 walikuwa chini ya miaka 65, maana wazee wengi walikuwa na kinga kiasi kutokana na mafua ya zamani. Wajawazito walikuwa katika hatari kubwa.

Sasa weka 168 upande mmoja na makadirio hayo upande mwingine. Waliobaki katikati ni akina nani? Ni yule dada mjamzito aliyefika zahanati na homa, akapewa dawa ya malaria kwa sababu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, akarudi nyumbani, akashindwa kupumua usiku. Kwenye cheti, kama kilikuwepo cheti, ikaandikwa nimonia. Majirani wakasema kifua. Hakuna aliyeogopa kwa ajili yake kwa sababu yeye hakuwa na uhusiano wowote na nguruwe. Huyu dada sikumsoma popote kwenye yale mafaili. Nimemjenga kutokana na idadi, nakiri, lakini idadi ile haiwezi kutokea bila watu kama yeye.

Na chanjo? Nchi tajiri zilikuwa zimeshaweka oda kabla hazijatengenezwa. Ufaransa peke yake iliagiza dozi milioni 94, na mwisho wa yote ikachanja watu wasiofika milioni sita na kuanza kuhangaika kufuta mikataba. Septemba 2009 Marekani na nchi nyingine kadhaa ziliahidi kutoa sehemu ya chanjo zao kwa nchi maskini, na WHO ilikuja kusambaza dozi milioni 78 katika nchi 77. Jambo jema. Lakini shehena za kwanza zilianza kutoka Januari 2010, wakati sehemu nyingi wimbi kubwa lilikuwa limeshapita. Hili ndilo lilistahili ukurasa wa mbele. Lilistahili watu wapige simu redioni kwa hasira. Kwenye mafaili yetu nililikuta ukurasa wa ndani, aya tatu, limetafsiriwa kutoka shirika la habari la nje. Halina picha.

Ndiyo maana yule kijana wa daladala amenikaa rohoni. Anaudhika na woga wa mama mwenye mtandio, woga ambao hauna gharama kwa mtu yeyote. Utulivu wa wale ambao hawakuhesabu haumuudhi. Watu hawaogopi kwa sababu ni wajinga. Wanaogopa kwa sababu wamesikia kuna hatari na hakuna aliyewaambia iko wapi hasa, basi wanaishika pale jina lilipoelekeza. Tuliliona tena 2020, mimi nikiwa chuoni, vyuo vikafungwa mwezi wa tatu tukarudishwa nyumbani. Mwishoni mwa Aprili serikali ikaacha kutoa takwimu za Covid-19. Je, watu waliacha kuogopa? Waliendelea kuogopa, kwa kunong'ona, kwa ujumbe wa sauti usio na mwenyewe, kwa kuhesabu misiba mtaani. Jina angalau safari ile lilikuwa salama: WHO ilikuwa imeshatoa mwongozo tangu 2015 kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya wanyama, nchi wala watu, na mafua ya nguruwe yalitajwa humo kama mfano wa madhara. Mjomba hajui kwamba kwa namna fulani ameingia kwenye nyaraka za Geneva.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumsalimia. Amezeeka, ndevu zote nyeupe, bado anauza mashati ya mitumba na bado ana ubishi. Nikampa shikamoo, tukakaa nje. Nikamwambia nataka kuandika kuhusu lile banda. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyelibeba swali kwa miaka mingi:

"Eti mjomba, wewe uko kwenye magazeti. Wale nguruwe wangu walikuwa wanaumwa kweli?"

Nikamwambia hapana mjomba, walikuwa wazima. Nikamweleza yote, kirusi, ndege, Misri, yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza kilo ya kitimoto siku hizi inauzwa shilingi ngapi.